Kabla hujamaliza hekalu lako

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na wazee wako pia wasalimie. Sura za hadithi yako ulizonitumia nimezisoma zote, na ile ya hekalu nimeirudia. Mungu wako wa mvua amenikaa moyoni, na ule ugomvi wa makuhani nausadiki kabisa. Ila hekalu lenyewe bado halijanishika. Umelijenga kwa nguzo za marumaru na paa la dhahabu, lakini sijaona mtu anayeingia mle akabadilika hata mwendo. Anavuka kizingiti akiwa yule yule aliyekuwa sokoni.

Kwa hiyo nakuomba, kabla hujaandika sura nyingine, uje nikupeleke Kaya Kinondo; kaya ndio msitu mtakatifu wa mababu. Iko huku kwetu Kwale, kusini ya Diani, karibu na bahari. Wadigo wanamwomba Mulungu pale tangu enzi za mababu, na jengo hakuna. Ni msitu tu, hekta 30 hivi, miti imeota juu ya mawe ya matumbawe. Ukipita barabarani huwezi kujua kama kuna kitu.

Sasa sikiliza taratibu zake. Huingii peke yako, sharti upelekwe na mwenyeji. Pale pembeni, kabla ya kuingia mitini, unapewa kaniki, ile shuka nyeusi, ujifunge kiunoni. Awe mwanamume au mwanamke, mgeni wa Ulaya au mtoto aliyezaliwa Kinondo, wote wanafunga kaniki. Mzee aliyetuongoza alilikagua fundo la kila mmoja wetu. La kijana mmoja lilikuwa limelegea, akalifungua na kulifunga upya kwa mikono yake, taratibu, bila kumkemea. Kofia zinavuliwa. Hakuna kukumbatiana wala kubusiana. Na kitu hakitoki: si jani, si jiwe, si tawi kavu lililojiangukia, ingawa nyumba za jirani zinapikia kuni. Tulikuwa tumekuja tukipiga soga kwa sauti, lakini baada ya zile kaniki kila mtu alianza kunong'ona, na hakuna aliyetuambia tunyamaze. Hicho ndicho ninachokikosa katika sura yako.

Lipo jambo jingine. Wazee wanasimulia kwamba Mijikenda, makabila yote tisa, Wadigo na Wagiriama wakiwemo, walitoka Singwaya huko kaskazini, na walipoanzisha kaya zao walizika fingo, yaani kago la kuwalinda. Fingo hiyo mgeni haonyeshwi. Wewe umetuonyesha kila chumba cha hekalu lako mpaka sanduku la kuhani mkuu! Bakisha kitu, somo. Pawe na mahali ambapo hata sisi wasomaji hatufiki.

Tena watu wako wote wana imani moja, iliyonyooka. Huku wazee wengi wa Kidigo ni Waislamu, Ijumaa wako msikitini, na kaya wanaitunza vilevile. Mvua ikikawia, watu wanajua waende kwa nani. Watie watu wako uzito wa namna hiyo.

Na hapo utakapofikia kuchomwa kwa hekalu, kumbuka Kaya Fungo ya Wagiriama. Mwaka 1913 mwanamke wa Kigiriama, Mekatilili wa Menza, aliwakusanya watu pale wakala kiapo cha kutowatumikia Waingereza. Akakamatwa, akapelekwa Kisii, akatoroka na kurudi pwani. Mwaka 1914 Waingereza wakailipua kaya kwa baruti. Walidhani wamemaliza kazi. Lakini baruti ingelipua nini pale, wakati taratibu zilikuwa vichwani mwa wazee? Mpaka leo Wagiriama wanafanya maombi pale Fungo. Mfalme wako akishachoma zile nguzo, nani atakuwa anakumbuka jinsi ya kuingia?

Sitaki uje ukidhani kila kitu kiko salama. UNESCO iliitambua misitu 10 ya kaya kuwa urithi wa dunia mwaka 2008, na mwaka uliofuata ikaziweka mila zenyewe kwenye orodha ya zinazohitaji kulindwa haraka. Ardhi ya pwani ina bei, na wenye pesa wanaitazama misitu hii kama viwanja. Vigango, zile nguzo za ukumbusho ambazo Wagiriama huwachongea wazee wao waliokufa, vimeibwa na kuuzwa hadi makumbusho za Marekani. Viwili vilirudishwa mwaka 2007, vingine baadaye, lakini vingi bado. Na huko Kilifi kuna wazee wanaouawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi nyuma yake pana ugomvi wa shamba. Jambo hili linaniuma sana. Akifa mzee mmoja, kuna maombi ambayo hayatasemwa tena vile alivyoyasema yeye. Kama hadithi yako ina nafasi ya hofu, iwe hofu hiyo, wala usihangaike na joka la chini ya madhabahu.

Njoo likizo ya Agosti. Vuka feri ya Likoni, panda matatu ya Ukunda, nitakupokea stendi. Maswali yako yaandike kabisa, kwa sababu mzee anapenda kuulizwa, ila picha usipige mpaka akuruhusu. Na hiyo sura usiifute; uje nayo tuisome pamoja jioni.

Ni mimi somo yako,
Ukunda