Kitufe cha transpozi hakiui sikio

Bwana Mhariri,

Walimu wengi wa muziki katika vyuo vya hapa Lubumbashi hulalamika kwamba wapiga kinanda wanaotoka kwaya za mitaa ya Katuba na Kenya "hawana masikio", eti kwa kuwa wamezoea kupiga kila wimbo katika ngazi (mfululizo wa noti saba za wimbo) ya do na kuachia kitufe cha transpozi, kinachopandisha au kushusha sauti za kinanda chote, kazi iliyobaki. Lawama hiyo ina ukweli nusu.

Kijana akiweka +3, yaani nusu-toni tatu juu (nusu-toni ni hatua ya kibao kimoja cha kinanda hadi kinachofuata, cheupe au cheusi), kidole kiko kwenye do, kinanda kinatoa mi bemoli (mi iliyoshushwa nusu-toni). Kwa solfeji (usomaji wa noti kwa majina) ya Kifaransa inayofundishwa chuoni, ambamo kila jina lina sauti yake isiyobadilika, sauti hiyo ni mi bemoli, basi. Yeye anaiita do. Kwenye imla, yaani kuandika noti za wimbo unaosikia, anaandika wimbo mzima chini kwa toni moja na nusu (nusu-toni tatu zilezile), anapewa sifuri, kumbe mwendo wa noti ameusikia sawasawa.

Kabla ya imla, mwalimu ataje ngazi, kisha apige akodi (noti kadhaa kwa pamoja) za daraja, yaani nafasi ya noti katika ngazi, la 1, la 4, la 5, arudi la 1. Mwanafunzi aandike kwanza namba za madaraja, 1 hadi 7, ndipo azigeuze kuwa majina ya noti. Vipimo vinne (vipande vya wimbo vyenye idadi sawa ya mapigo) vipigwe mara nne: mara ya kwanza kalamu iko mezani, ya pili mapigo pamoja na noti ya kwanza na ya mwisho, ya tatu katikati, ya nne kuhakiki. Anayeandika tangu mara ya kwanza hunasa noti tatu na kupoteza zote zinazofuata.

Kosa sugu kuliko yote ni kuchanganya kwinti na kwarti, ambazo ni umbali kati ya noti mbili. Kwinti ina nusu-toni 7, kwarti 5. Jumla 12, yaani oktava (kutoka noti hadi yenye jina lilelile juu yake), hivyo ukipindua moja, noti ya chini ukaipeleka oktava moja juu, unapata nyingine. Kuhesabu hakusaidii hapa. Mwanafunzi aziimbe noti zote mbili, kisha aulizwe ipi imetulia: kwenye kwinti ni ya chini, kwenye kwarti ni ya juu.

Umeme ukikatika (na unakatika!) diapazoni (uma wa chuma unaotoa noti moja) ya la 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, inatosha: toka la, panda toni moja, kisha nusu, umefika do.

Kitufe chenyewe kizimwe polepole, kuanzia ngazi ya sol yenye fa diezi (fa iliyopandishwa nusu-toni) na ya fa yenye si bemoli. Na katika mtihani, alama za madaraja zitengwe na alama za majina ya noti.

Mwalimu wa solfeji,
Lubumbashi