Jiwe moja, nyavu nyingi

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na swali lako halijanitoka kichwani: wadudu wa ukoo mmoja, wenye umbo lile lile na njaa ile ile, wanakaaje kwenye jiwe moja mtoni bila mmoja kumfukuza mwenzake?

Nikujibu kwa wale niwapendao kuliko wote, mabuu wa Trikoptera wanaofuma nyavu; Trikoptera ni wadudu wafananao na nondo wadogo, ambao utotoni huishi majini. Buu wa Hydropsyche, kundi moja la Trikoptera lenye spishi nyingi, hujijengea kibanda cha changarawe na vipande vya majani, kisha ubavuni mwake hutandaza wavu wa hariri itokayo kinywani, wenye matundu ya mstatili yaliyopangika sawasawa. Maji yanapita, chakula kinabaki. Spishi kubwa hufuma matundu makubwa, mengine yakikaribia robo ya milimita, hivyo huweza kukaa penye mkondo mkali. Wavu wa matundu madogo pale ungeziba na kuchanika. Chini ya jiwe, yanakopita maji ya polepole, wako jamaa zao wa Philopotamidae, familia nyingine ya Trikoptera, na vifuko virefu vya hariri. Matundu yao, kwa baadhi ya spishi, hayafiki upana wa sehemu moja ya elfu ya milimita! Hao hunasa chembe laini kabisa.

Wengi husema basi, wamegawana chakula. Kwa spishi za Hydropsyche zenyewe mimi sioni hivyo. Matumboni mwao hukutwa vitu vinavyofanana mno: mwani, mabaki ya majani, vidudu. Wanachogawana zaidi ni mahali na wakati. Huyu hushika juu ya jiwe, yule ubavuni. Huyu hukua mapema, yule angali mchanga na wavu wake bado wa matundu madogo. Na kadiri mto unavyoteremka na maji kupata joto, spishi moja huipisha nyingine.

Wala usidhani wanaishi kwa upendo. Mvamizi akija, mwenye wavu husugua miguu ya mbele kwenye mistari iliyo chini ya kichwa chake na kutoa mlio wa kukwaruza. Mara nyingi mgeni huondoka. Halafu huja mafuriko, mawe yanasafishika, na nafasi hugombewa upya kabla mbabe hajawamaliza wenzake.

Ukienda mtoni, usitoe jiwe majini ili uone wavu, maana hunywea ukabaki utelezi tu. Tazama kupitia chombo chenye kitako cha kioo. Na jiwe ukiligeuza, lirudishe upande ule ule. Aliyezoea mkondo wa juu hatapata chakula kwenye maji yaliyotulia chini. Kisha uniandikie uliyoyaona.

Wako daima