Barua kwa Akiru kabla ya safari ya Lodwar

Nairobi,
Jumapili usiku

Mpendwa Akiru,

Hujambo, dada? Watoto na Mama hawajambo? Sisi tu wazima, ila mvua imetushika na matope ya Ngong bado yamo kwenye viatu vyangu. Wiki nzima nimekuwa nikiandaa wanafunzi tutakaokuja nao kwenu Turkana kupima upepo, na nina ombi.

Unajua tunachokifuata. Upepo ule wenu wa usiku, unaopenya kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya, ndio watafiti Kinuthia na Asnani walioueleza mwaka 1982, na vipimo vyake vya angani bado ni haba. Hupitisha unyevu wa Bahari ya Hindi kuelekea bara, nayo Turkana ikabaki kavu. Tutarusha maputo yaliyofungwa radiosondi, vile vifaa vidogo vinavyopima hewa na kutuma vipimo kwa redio, kila puto likipanda kama mita 5 kwa sekunde mpaka lipasuke huko juu, karibu kilomita 30. Tutarusha saa tisa alasiri na saa tisa usiku, kama vituo vingine duniani, kisha tuongeze alfajiri, maana hapo ndipo upepo huwa na nguvu.

Kazi iliyonichosha ni kuchagua watu. Fomu tuliyozoea inauliza mwanafunzi amekwenda nyanjani mara ngapi. Safari hii nilizipitia za miaka iliyopita nikaona majina ni ya wale wale, ambao kwao kuna pesa ya kambi na buti. Nikalifuta swali hilo. Badala yake niliwaomba waniandikie kitu walichokitazama kwa siku nyingi mfululizo. Msichana mmoja anayekaa mtaa wa mabanda wa Mukuru aliniletea daftari: kwa miezi minne ameandika saa ambayo moshi wa asubuhi unaondoka juu ya mabati, na siku ambazo unang'ang'ania hadi saa nne. Hajawahi kulala kwenye hema. Jina lake nililiandika la kwanza. Buti zake na za wenzake tulizinunua soko la mitumba la Gikomba kwa pesa ya mradi, kabla hata ya kuagiza mitungi ya gesi ya maputo.

Jana tulipanda matatu za 111 hadi Ngong kufanya mazoezi. Puto haliguswi kwa mikono mitupu, kwa hiyo wote walivaa glavu za pamba na kuvua pete. Mmoja anashika shingo ya puto, wa pili anaizungusha na kuifunga uzi, anaikunja, anafunga tena, wa tatu ameshika radiosondi akisubiri neno. Neno lenyewe halikusikika. Upepo uliimeza sauti yangu, yule wa tatu akaachia mapema na uzi ukamkwaruza shingoni. Tuna kijana kiziwi kwenye kikosi, na ndiye aliyetusimamisha tukapanga upya kwa ishara: ngumi ni subiri, kiganja wazi ni achia. Kisha akaniandikia kwenye simu, "Usiku mikono yenu sitaiona." Tulipofika mjini tukanunua koti la mwendesha boda boda, tukakata zile kanda zinazong'aa na kuzishonea kwenye glavu. Leo jioni tumejaribu gizani kwa tochi. Mikono yote ilionekana, na hakuna aliyeachia kabla ya wakati.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikuandikie wewe. Katika safari moja ya nyuma, msichana aliondoka siku ya tatu, na kwenye ripoti tukaandika "mgonjwa." Mwaka mzima baadaye ndipo aliponiambia kwamba hedhi ilimkuta njiani, gari halikusimama, na kambini choo hakikuwa na mlango. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu, "Mwalimu, wewe ndiye unayenipa alama." Sijalisahau neno hilo, Akiru. Semina zote nilizowapa kuhusu usalama hazikumfaa kitu, kwa kuwa wa kuambiwa alikuwa mimi.

Ndiyo sababu nataka mtu asiyewapa alama, anayeijua Lodwar, anayeweza kupigiwa simu hata saa tisa usiku, na ambaye akisema msichana fulani apumzike, mimi nisiulize kwa nini. Nimekufikiria wewe. Utalipwa kutoka bajeti kama wataalamu wengine, hilo nimeshalipitisha. Nakuomba pia ukakague choo karibu na uwanja, kama kina komeo la ndani, na umtafute mzee wa kutufikisha vijijini mapema, tuwaeleze wafugaji ni nini hicho kitakachodondoka kutoka angani.

Ukikubali, niambie kabla ya Ijumaa ili namba yako niichapishe kwenye kadi watakazovaa shingoni. Ukikataa sitakasirika, ila nitajie mwingine unayemwamini.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako,
Wanjiru