YAH: Malalamiko kuhusu amplifaya ya valvu mliyoniuzia na kudhalilishwa kwangu dukani kwenu

Sinza, Dar es Salaam
12 Mei 2025

Kwa Meneja Mkuu,
Duka la Vyombo vya Muziki,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa heshima zote nakuandikia mimi mteja wenu wa miaka mingi, niliyekuwa nanunua nyuzi, vipaza sauti na waya kwenu tangu mkiwa na chumba kimoja. Nakala ya risiti ya EFD na kadi ya waranti nimeziambatanisha, kwa hiyo nilinunua nini, lini na kwa kiasi gani mtasoma huko. Masharti ya waranti mliyaandika wenyewe, hamhitaji kukumbushwa. Ninachotaka ukijue ni kile ambacho naamini hukuambiwa: kijana wenu wa kaunta ya huduma alisukuma amplifaya yangu ya gitaa kwa kiatu.

Naam, kwa kiatu. Niliiweka sakafuni mbele ya kaunta kwa sababu juu ya kaunta alinikatalia. Akatoka nyuma, salamu hakuna, akaitazama kutoka juu akasema, "Mzee, hii umeiunguza mwenyewe. Toa mzigo wako hapa, unaziba njia." Nikamwambia kwa upole kabisa kwamba naomba kuonana na meneja. Jibu lake lilikuwa kunyoosha mguu na kuisukuma mpaka ikagonga nguzo ya mlango. Duka limejaa watu. Mpwa wangu aliyenisaidia kuibeba amesimama pembeni anatazama.

Amplifaya hiyo nililipa Tsh 1,850,000 taslimu.

Siku ya kununua sikuja kuulizia bei na kuondoka. Nilikuja na mahitaji yangu nimeyaandika kwenye karatasi: amplifaya ya valvu tupu (zile chupa za kioo zinazokuza sauti), wala si zile za mchanganyiko zenye valvu moja mbele na transista nyuma, wati 15, valvu mbili za aina ya EL84 upande wa nguvu, spika moja ya inchi 12, na bei ambayo mtu wa kipato changu anaweza kuifikia bila kukopa. Nakaa nyumba ya kupanga, ukuta mmoja na jirani. Mwisho wa wiki tunapiga zilipendwa kwenye baa na sherehe ndogo: dramu, besi, magitaa mawili. Kwa kazi hiyo wati 15 za valvu zinatosha na kubaki. Vox walianza kutengeneza AC15 yao miaka ya 1950, na Fender wana Blues Junior, zote mbili wati 15, zote mbili zinatumia EL84 mbili, na wapigaji wanaingia nazo ukumbini duniani kote. Hizo mpya zilinizidi bei, ndiyo maana nikaja kwenu kutafuta ya kampuni nyingine yenye vipimo hivyo hivyo.

Muuzaji wenu akanishikilia nichukue ya wati 40. Eti ni karibu mara tatu ya sauti. Ndugu Meneja, mtu anayeuza vyombo hapaswi kusema hivyo. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, na sikio la kawaida linahitaji karibu mara kumi ya wati ndipo lisikie sauti imekuwa maradufu. Tofauti ya 15 na 40 ni nyongeza ya kiasi, na sauti ile tamu ya valvu inakuja pale unapoipandisha amplifaya ikaanza kufanya kazi. Ya wati 40 sebuleni kwangu haifiki hapo kabla jirani hajabisha mlango. Nilimweleza haya yote, tena kwa kirefu, na akakubali. Kwa hiyo asije mtu wa kampuni yenu akasema mzee huyu hakujua anachonunua.

Swali langu la mwisho kabla sijatoa pesa lilikuwa hili: "Ni ya umeme wetu?" Akajibu, "Ya kwetu kabisa, 230." Bado nikaigeuza nitazame kibao cha vipimo pale nyuma, jirani na tundu la waya wa umeme. Pale pale mlikuwa mmebandika stika yenu nyekundu ya waranti, kubwa, imefunika maandishi yote. Nilipoinua kidole akaniwahi: "Ukibandua hiyo, waranti imekufa."

Stika hiyo imebanduliwa sasa. Imebanduliwa na fundi wangu wa Ilala, mbele ya mashahidi wawili, na picha zimo kwenye bahasha hii. Chini yake pameandikwa volti 120, hezi 60. Hiyo ni amplifaya ya Marekani. Mmemuuzia mtu wa Dar es Salaam chombo cha volti 120, mkafunika maandishi kwa stika, kisha mkamtishia asiiguse.

Nipeni nafasi nieleze kilichotokea kabla ya hapo, maana hasira inanipeleka mbele.

Nilipofika nyumbani na kuwasha, fyuzi ilikata papo hapo. Hata taa ya mbele haikuwaka. Nikapiga simu kwenu. Aliyepokea akaniambia nichukue bisibisi, nifungue kava la nyuma, "ucheki waya wa ndani." Ndugu Meneja, ndani ya amplifaya ya valvu kuna kapasita, vifaa vya kuhifadhi umeme, zinazoweza kushika volti 300 na zaidi hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Zinaua. Mafundi wenyewe hawaingizi mkono humo kabla ya kuzimaliza chaji. Na mtu wa huduma kwa wateja anamwagiza mteja aingize bisibisi! Kama ningekuwa mtu asiyejua, leo mngekuwa mnajibu barua ya polisi badala ya hii yangu.

Nikaileta dukani. Fundi wenu aliifungua nikiwa nimesimama pale. Akachomoa waya wa spika ili apate nafasi ya kulaza sanduku. Nikamwambia amplifaya ya valvu haiwashwi bila spika, transfoma ya kutolea sauti inaharibika. Akanijibu, "Mzee, hii ndiyo kazi yangu." Kisha akaweka fyuzi nyingine, akafunga, akaniambia nenda, imepona. Wala hakuijaribu. Fyuzi aliyoweka ni ya ampea 10. Kibao kilichokuwa chini ya stika yenu kinaagiza ampea 2. Fyuzi ile ya kwanza ilikata kwa sababu ilikuwa inafanya kazi yake: inasema umeme huu siyo wangu. Mtu wenu akainyamazisha.

Jioni hiyo tulikuwa na sherehe ya kipaimara Tabata. Niliwasha wakati wenzangu wanapanga dramu. Valvu zikawaka kwa mwanga mkali, siyo ile rangi ya chungwa tuliyoizoea, na amplifaya ikaanza kunguruma. Kabla sijafika kwenye swichi nikasikia harufu ya vanishi inayoungua, kisha moshi ukatoka nyuma, mzito, chini ya turubai lenye watoto na akina mama. Nikang'oa waya ukutani. Mtu mmoja alishakimbia na ndoo ya maji, nikapiga kelele asimwage. Tulipiga na gitaa moja usiku kucha, na mwenye sherehe akakata malipo ya bendi, haki yake. Transfoma ya umeme imeungua, fundi wa Ilala ameithibitisha kwa kipimo. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya watu kuomba radhi kwa kosa lenu.

Ndipo nikarudi kwenu, na ndipo nikakutana na kiatu.

Ninalirudia kwa makusudi, kwa sababu mara ya kwanza nimelieleza kwa kifupi. Nilipoingia nilitoa salamu kwa wote waliokuwa kaunta. Hakuna aliyeitikia. Nikaomba niiweke juu ya kaunta, kijana yule akasema, bila kuinua macho kwenye simu yake, "Usituchafulie kioo." Nikaiweka chini, kwa uangalifu, nikaigeuza nyuma yake aione. Wakati huo valvu zote zilikuwa nzima. Nilizikagua mwenyewe asubuhi ile: vioo havina ufa, na ile rangi ya fedha juu ya kioo imekaa vizuri. Akasema nimeiunguza mwenyewe. Nikamwambia haijakaa kwangu hata ikapigwa wimbo mmoja. Akacheka, akawageukia wateja wengine akasema, "Wazee wakizoea redio za mkulima wanataka kushika na hivi." Watu wakacheka naye. Nikaomba meneja. Ndipo akanyoosha mguu, kiatu cha kulia, akaukanyaga mgongo wa sanduku palepale penye valvu na kusukuma. Nilisikia kioo kikilia ndani ilipogonga nguzo. Mpwa wangu pia alisikia. Baada ya hapo akamwita mlinzi. Mlinzi, namshukuru kwa utu wake, aliniinamia sikioni akasema, "Mzee wangu, twende tu." Akanisaidia kuibeba hadi kwenye bajaji.

Fundi alipoifungua, EL84 moja ilikuwa na ufa, na ile rangi ya fedha juu ya kioo imegeuka nyeupe kama maziwa. Valvu inageuka hivyo hewa ikiingia ndani. Mnajua maana yake. Ilivunjika dukani kwenu, kwa mguu wa mfanyakazi wenu, na kamera zenu za ukutani zimeona. Msifute picha hizo. Naziomba rasmi kwa barua hii.

Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu. Nimepiga gitaa jukwaani kabla kijana yule hajazaliwa, na katika maisha yangu yote sijawahi kutolewa dukani mbele ya mtoto wa dada yangu kama mwizi.

Juzi mmenipigia simu. Nilidhani ni ya kuomba radhi. Kumbe mnataka kuniuzia transfoma ya kushushia umeme kutoka 230 hadi 120, "kwa bei ya punguzo." Hivi mnajisikia mnachosema? Transfoma ya amplifaya imeshaungua, nitashushia umeme uingie wapi? Na hata kama ingekuwa nzima, hiyo ni transfoma iliyotengenezwa kwa hezi 60, na umeme wetu ni hezi 50. Transfoma ya namna hiyo inapata joto zaidi, na mwenyewe ulishawahi kuingia kwenye banda la sherehe mwezi wa pili ukajua joto la Dar lilivyo.

Sasa madai yangu. Nilipoanza kuandika nilikusudia kuomba kitu kimoja: nipewe amplifaya nyingine mpya ya valvu, wati 15, ya volti 230 kiwandani, kibao cha vipimo kikiwa wazi, ijaribiwe mbele yangu ikiwa na spika yake. Bado ningeikubali. Lakini kila ninapokumbuka nguzo ile ya mlango naona hilo halitoshi.

Kwa hiyo nataka fedha zangu zote, Tsh 1,850,000, zirudi. Nataka mlipe gharama ya fundi wa Ilala kwa risiti yake, na sehemu ya malipo ya bendi iliyokatwa Tabata, ambayo mwenye sherehe yuko tayari kuithibitisha kwa maandishi. Nataka barua ya kuomba radhi iliyosainiwa na wewe Meneja, na kijana yule anisalimie na kuniomba radhi mbele ya kaunta ile ile, saa zile zile duka linapokuwa limejaa. Na nataka stika zenu nyekundu zibanduliwe kwenye vibao vya vipimo vya amplifaya zote zilizobaki rafuni, kwa sababu nilipokuwa pale niliona nyingine za aina ile ile, na kijana fulani atakayeinunua kwa akiba yake anaweza asiwahi kung'oa waya ukutani kama nilivyowahi mimi.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya mfanyabiashara anayempotosha, na kufunika volti za chombo cha umeme ni upotoshaji usiohitaji mwanasheria kuueleza. Nawapa siku 14. Zikipita, nakala ya barua hii, picha za kibao, stika yenyewe niliyoihifadhi na fyuzi yenu ya ampea 10 vitafika Tume ya Ushindani, na nakala nyingine Shirika la Viwango.

Nimeisoma barua hii upya kabla ya kuifunga, na nimebadili jambo moja. Siku 14 ni nyingi mno kwa duka ambalo bado linauza amplifaya zile. Nawapa 7. Siku ya nane nitafungua madai mahakamani, nikiwa na mpwa wangu, fundi wangu na mwenye sherehe wa Tabata kama mashahidi, na madai huko hayatakuwa tena fedha ya amplifaya peke yake, yatakuwa pamoja na fidia ya kudhalilishwa. Wanamuziki wenzangu wa bendi za hapa mjini, ambao wengi wananunua kwenu kwa sababu niliwaelekeza mimi, nao watapata nakala.

Namba yangu ya simu mnayo kwenye kadi ya waranti. Nikipigiwa, apige meneja.

Wako mteja aliyedhulumiwa,

(Sahihi)

Viambatanisho: nakala ya risiti ya EFD, nakala ya kadi ya waranti, picha za kibao cha vipimo kabla na baada ya kubandua stika, picha ya valvu iliyopasuka, maelezo ya fundi.