Barua ya wazi kwa wanangu wa kikoba: kikaratasi kwenye pindo la kanga

Wanangu,

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Jumapili iliyopita mwenzenu wa meza ya dagaa alianguka katikati ya kikao, hisa hazijamaliza kuhesabiwa. Mwili ukakakamaa, macho yakageuka, povu likamtoka. Mmoja wenu akapiga kelele kwamba jini lake limepanda. Mwingine akatoa simu akarekodi. Nilimlaza ubavu, nikamlegeza kanga, na kwenye pindo nikakuta fundo. Ndani yake kikaratasi cha daftari, kitupu, kimebaki vumbi jeupe.

"Valium, bibi," jirani yake akaninong'oneza. "Zimemwishia tangu Jumatatu."

Nimefanya uuguzi miaka 31, dawa hiyo naijua. Jina lake hasa ni diazepamu, na ndiyo tuliyompa mtoto mwenye degedege ili mwili utulie. Imeokoa watoto mikononi mwangu. Lakini ukiimeza kila usiku kwa miezi, ubongo unaizoea. Nusu kidonge haikutoshi tena, unameza kizima, kisha viwili. Siku ukiikata ghafla, mikono inatetemeka, jasho linakutoka, usingizi unakukimbia, na wengine huanguka kwa degedege lilelile ambalo dawa hiyo hulizuia. Vijana wa maskani wanaiita hali hiyo arosto. Mateja mnawapita mmeziba pua, kumbe arosto mmeifunga kwenye kanga zenu.

Nimeuliza ilianzaje. Ilianza msibani. Mumewe alipofariki, siku ya tatu ya matanga jamaa mmoja mwenye huruma alimpa nusu kidonge ili alale. Akalala. Kesho yake akapewa tena. Arobaini ikapita, watu wakatawanyika, vidonge vikabaki naye. Kisha likaja deni la kausha damu, mkopeshaji anasimama mezani kila jioni mbele ya wateja. Nani asingekosa usingizi? Duka la dawa likawa linamuuzia bila cheti, muuzaji anamhesabia kumi kumi kama pipi. Na zikimwishia, ninyi mkawa mnamwazima: nipe kimoja, Ijumaa nitakurudishia.

Hilo ndilo linaloniuma. Mezani kwenu mtu akipunjwa dagaa kiganja kimoja soko zima litasikia, ila dawa ya ubongo mnapeana kwa kukadiria kwa jicho. Aliyekupa anauza mitumba. Hajui kama una mimba, kama kifua chako kinabana, kama jana ulikunywa pombe. Valium na pombe vikikutana, mtu anaweza kukatika pumzi usingizini, na asubuhi mtasema amerogwa. Nimepita meza kwa meza wiki hii. Katika watu 22 wa kikao chetu, sita wanameza. Sita! Na kila mmoja alidhani yuko peke yake.

Msinielewe vibaya. Sonona, ile huzuni nzito isiyomtoka mtu, ni ugonjwa, na dawa zake zipo. Mwenzetu anayechukua vidonge vyake hospitalini kila mwezi anafanya jambo la maana, na anayemcheka kwamba anakula dawa za vichaa aje aniambie mimi. Ila dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla hujaona nafuu. Wengi huziacha wiki ya kwanza wakisema hazifanyi kazi, wanakimbilia Valium kwa sababu hiyo inalaza usiku uleule.

Mengine nayataja tu. Usiache ghafla, daktari ndiye atakayekupangia kupunguza. Usimpe mzee asiyepata usingizi, ataanguka avunjike nyonga. Weka mbali na watoto. Anayesema bora nife, msimwache alale peke yake.

Na sisi wakubwa tuna letu. Mjane akilia tunataka anyamaze upesi kwa sababu kilio chake kinatuchosha sisi. Na zahanati nyingi utapata dawa ya malaria, hutapata mtu wa kukaa nawe nusu saa akusikilize. Kule Harare, mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14, wazee kama mimi, akawafundisha kuketi kwenye benchi na kumsikiliza mtu mwenye "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha waliopita kwenye benchi hizo walipata nafuu ya sonona kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mabenchi tunayo. Bibi tupo.

Mwenzenu ametoka wodini, yuko kwa dada yake, anapunguziwa dozi kidogo kidogo. Naomba mfuko wa jamii ulipe kwanza lile deni lake, kabla ya kununua sare za sherehe. Aliyerekodi ile video aifute, na awafuate wote aliowatumia. Ninyi sita, Alhamisi saa mbili asubuhi nawasubiri kibarazani kwangu. Njooni na vidonge vilivyobaki, msivitupe wala msiache kuvimeza ghafla leo, tutakwenda kliniki pamoja.

Na anayekaa jirani na meza yake aifunike kwa turubai. Vuli imeanza, mbao zinalowa.

Bibi yenu