Bosi, Ripoti ya Slack Haitakuonyesha Mvivu

Ombi tunalolisikia sana hapa Nakuru huja hivi: "Nimewawekea vijana Slack, sasa kila Jumatatu nataka kujua nani anafanya kazi na nani analala." Slack ni programu ya kutumiana jumbe kazini. Wengine wako kwenye Microsoft Teams, programu ya aina hiyohiyo, na wengi bado wako kwenye grupu la WhatsApp. Hamu hiyo tunaielewa. Mtu mwenye tawi Molo na jingine Subukia hawezi kuwa kote kwa siku moja. Orodha anayoitaka tungeitoa kwa dakika chache tu, lakini huwa tunakataa.

Kwanza ujue kinachohesabiwa. Slack huonyesha ni watu wangapi walioitumia, jumbe ngapi zilitumwa, na zilikwenda wapi: chaneli (yaani vikundi vya mazungumzo) za wote, chaneli zilizofungwa, au inboksi ya mtu na mtu. Teams hutoa ripoti ya siku 7, 30 au 90, ikitaja jumbe, simu na mikutano ya kila mtumiaji. Takwimu za Teams huchelewa siku moja au mbili, kwa hiyo usiifungue saa nne ukitafuta mambo ya saa tatu. Maneno yenyewe hayamo. Ripoti inajua kwamba mtu ameandika, haijui ameandika nini.

Sasa chukulia duka la agroveti. Keshia wa mjini anaandika "nimeona", "sawa", "asante", "karibu", jumbe nne kwa oda moja ya dawa ya kupe. Mhudumu wa mifugo yuko Elburgon tangu alfajiri akichanja ng'ombe, simu ameiacha kwenye gari. Jioni anatuma picha moja ya daftari la chanjo, basi. Ripoti itamweka keshia kileleni na huyu wa ng'ombe mkiani. Na watu wakishagundua wanahesabiwa, grupu litajaa "sawa mkubwa" na dole gumba huku mteja wa Njoro bado anangoja bei ya mbegu.

Hata Microsoft walijikwaa hapa. Mwaka 2020 walitoa kipimo cha tija kilichomwezesha mwajiri kuona mtu mmoja mmoja kwa jina. Kelele zikapigwa, na Desemba mwaka huohuo wakasema majina yataondolewa. Tangu 2021 ripoti za matumizi za Microsoft 365, kifurushi chenye Teams ndani yake, huficha majina mpaka msimamizi aamue kuyafungua. Ushauri wetu ni kwamba yaachwe yamefichwa.

Kilicho na faida kuhesabu ni swali la mteja: liliingia saa ngapi, lilijibiwa saa ngapi, na ni mangapi yalilala bila jibu. Tukikuwekea chaneli moja ya oda, kila oda iliyokamilika ikapigwa tiki, basi saa kumi na moja jioni utaona zilizobaki bila kumuuliza mtu. Mara nyingi utakuta shida haiko kwa mtu bali kwa saa: oda za saa saba hukwama kwa sababu wote wameenda lanchi pamoja.

Takwimu tunayoipenda kuliko zote ni ile ya inboksi. Jumbe nyingi zikienda faraghani, mtu kwa mtu, huenda bei, madeni na namba za wasambazaji viko kwenye simu za watu wachache. Mmoja wao akienda likizo, tawi linasimama. Mwenye duka akiiona namba hiyo huwa anasahau kabisa habari ya wavivu. Kumbuka pia kwamba mpango wa bure wa Slack huonyesha jumbe za siku 90 tu, kwa hiyo usiutegemee kutunza rekodi.

WhatsApp haina ripoti ya kazi kwa msimamizi wa grupu. Kuna tiki za buluu, na kuna kutoa mazungumzo yote kama faili la maandishi lenye tarehe, saa na mwandishi. Kwa faili hilo tunaweza kupima muda wa kujibu, lakini limebeba maneno ya kila mtu, pamoja na ya yule aliyeeleza ugonjwa wa mtoto wake akiomba ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka mwajiri awaambie watu anakusanya nini na kwa lengo gani kabla ya kukusanya. Kwa hiyo hatuligusi faili mpaka wafanyakazi wamearifiwa kwa maandishi. Ukurasa mmoja unatosha, na tutakusaidia kuuandika.

Ukija, njoo na swali moja unalotaka lijibiwe kila mwezi. Kwa Teams, nywila yako hatuihitaji: msimamizi wako atupe ruhusa ya kusoma ripoti pekee, ambayo anaweza kuiondoa wakati wowote.