Kitabu cha majedwali

Ndugu yangu,

Salamu nyingi. Najua ulinipigia mara tatu siku ya mazishi na sikupokea. Usinichukie. Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa, katikati ya watu nisiowajua, simu inatetemeka mfukoni, na kila nilipotaka kuchomoka niipokee, msemaji mwingine anashika kipaza sauti na kusema marehemu alikuwa mtu wa watu, mpole, hajawahi kugombana na mtu.

Nukta! Hajawahi kugombana na mtu! Nikaangaza macho nione kama kuna mwenzangu wa kutazamana naye, sikumpata. Ungekuwapo pale, haki ya nani tungetolewa kwa kucheka.

Ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga. Nataka tuwe angalau wawili tunaomkumbuka yule mwenyewe, si huyu waliyemzika kwenye hotuba.

Mjane wake aliniuliza hilo jina la Nukta lilitoka wapi. Nikamweleza jinsi alivyokuwa akizunguka bweni usiku anakariri logi, zile namba za kwenye kitabu cha majedwali za kurahisishia kuzidisha, kama mtu anayekariri mashairi: mbili, nukta tatu sifuri moja sifuri, tatu, nukta nne saba saba moja, saba, nukta nane nne tano moja. Akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Hata bafuni," akasema.

Ile habari ya sita sikumsimulia, maana pale haikuwa mahali pake. Lakini wewe unaikumbuka. Mwalimu alikuwa ndiyo kwanza ametufundisha kwamba ukitaka kuzidisha namba mbili, unajumlisha logi zake. Nukta akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbili mara tatu ni sita. 0.3010 na 0.4771 ni 0.7781. Kitabu kinasema 0.7782. Sasa nani mwongo?" Akaambiwa kaa chini. Hakukaa. Akaambiwa toka nje, akatoka, na kipindi kizima kilichobaki akawa anapita dirishani ameinua kidole kimoja, yaani ile moja imekwenda wapi.

Kesho yake mwalimu aliingia darasani bila salamu, akaandika ubaoni. Logi ya 2 haiishii kwenye 0.3010, inakaribia kabisa 0.30103. Ya 3 ni 0.47712 na kuendelea. Hivyo vipande vilivyokatwa mwishoni ukivijumlisha navyo unafika 0.77815, na ukiikadiria ibaki na tarakimu nne inakuwa 0.7782. Akatuambia habari za Napier aliyezitoa logi kwa ulimwengu mwaka 1614, na za Briggs, ambaye mwaka 1624 alichapisha zake zenye tarakimu 14 baada ya nukta, zote amezikokotoa kwa mkono, halafu waliotutengenezea kitabu wakatubakizia nne. Akamaliza kwa kukiri kwamba swali lile lilimnyima usingizi. Mwalimu! Sijasikia mwingine akisema hivyo tangu nizaliwe.

Na Nukta, badala ya kushukuru? "Basi jana ungesema hivyo, mwalimu." Akafukuzwa tena.

Tulicheka mpaka tukalia. Sasa nikiwaza naona tulikuwa tunacheka kwa sababu hayajatufika sisi. Mtu wa namna ile ukiwa na miaka kumi na sita ni burudani. Ukifika arobaini anakuchosha, tuseme kweli. Unakumbuka michango yetu kwenye kundi la WhatsApp? Mweka hazina akituma hesabu, ndani ya dakika mbili Nukta ameshajibu kuwa jumla haikai sawa. Na kweli ilikuwa haikai sawa, hapo ndipo ubaya wake. Alitoka kwenye kundi kwa hasira mara mbili, mara zote mbili tukamrudisha kwa utani. Mara ya tatu hakurudishwa.

Hili ndilo lililonifanya nisipokee simu. Mimi ni mmoja wa wasimamizi wa lile kundi. Namba yake ninayo. Ilikuwa ni kubonyeza tu. Nilisema acha kwanza watu wapumzike wiki moja, na ile wiki ikawa miezi, kundi limetulia, hesabu hazihojiwi, na mimi, nisikufiche, nikaona raha. Habari za kifo chake zikaingia kwenye kundi ambalo yeye hayumo. Watu wakapanga vile vikatuni vya machozi na mishumaa kuanzia juu hadi chini. Na mimi nikaweka changu.

Juzi nikafungua sanduku langu la zamani na kukikuta kile kitabu cha majedwali tulichokuwa tunatumia watatu. Jalada halipo, na kwenye ukurasa wa tanjenti bado kuna lile doa la wino ulilomwaga wewe ukanisingizia mimi. Nikaenda kwenye logi, mstari wa 60. Pembeni ya 7782 kuna mwandiko wake wa penseli, ule mdogo uliolala: "Moja imepotea." Chini yake kwa kalamu ya bluu: "Kamuulize mwalimu." Huo mwandiko ni wako, bwana. Kumbe wewe ndiye uliyemtuma, na ukakaa kimya mtoto wa watu anafukuzwa darasani siku mbili mfululizo!

Kuna jambo nataka unijibu. Binti yake yuko sekondari sasa. Aliniuliza kama nimehifadhi kitu chochote cha baba yake cha enzi za shule, nikamwambia nitatafuta. Ana jicho lile lile, ukisema jambo anakungoja umalizie. Kitabu ni chetu watatu na siwezi kukitoa peke yangu. Ukikubali nitampelekea kama kilivyo, na doa lako, na huo uchochezi wako wa bluu usifutwe.

Nipigie ukishasoma. Safari hii nitapokea.

Wako wa dawati moja